Sufuria Moja, Matumbo Mawili

Fikiria mapacha wa kijiji kimoja kusini mwa Malawi. Mama ni mmoja, ziwa ni lile lile, sufuria moja, mkeka mmoja. Mmoja anavimba miguu, nywele zinageuka rangi ya kutu, hataki kula wala kushikwa. Mwenzake anakimbiza kuku uani. Kwetu Kivu ugonjwa huo tunauita bwaki. Madaktari wanauita kwashiokoo, jina alilolichukua Dk. Cicely Williams katika lugha ya Ga ya huko Ghana miaka ya 1930, ambako lilimaanisha ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: chakula hakitoshi, protini hakuna. Lakini chakula cha hawa wawili kilitoka mkono mmoja. Watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha wa Malawi katika miaka yao mitatu ya kwanza, wakatoa matokeo mwaka 2013. Karibu nusu ya jozi, watoto wote wawili walikuwa na afya. Katika asilimia 7 wote wawili waliugua utapiamlo. Katika asilimia 43 aliugua mmoja tu. Watafiti walichukua kinyesi cha mapacha wa namna hiyo, mmoja mwenye bwaki na mwingine mzima, wakaviweka vijiumbe vyake ndani ya panya waliolelewa bila bakteria yeyote. Panya hao walilishwa chakula cha mfano wa kile cha Malawi: unga wa mahindi, mboga za majani, vitu vingine kidogo. Waliopewa bakteria wa mtoto mgonjwa walikonda vibaya. Walipolishwa chakula kizuri zaidi, hawakukonda hivyo.

Kumbe bakteria wale peke yao hawakuwaangusha panya, na chakula kile peke yake hakikuwaangusha vile. Viwili hivyo vilipokutana ndipo madhara yalipotokea. Nakuandikia wewe unayepika katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Likuni au kwingine karibu na Lilongwe kwa sababu hiyo: ndani ya kila mtu unayemlisha kuna walaji wengine, na wanategemea sufuria yako pia.

Ni wengi. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na bakteria trilioni 38, wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana. Wanachachusha mabaki ambayo tumbo lako limeshindwa kuyasaga, wanatengeneza baadhi ya vitamini, wanaifundisha kinga ya mwili kutambua adui, na wanajaza nafasi ili bakteria wa ugonjwa wakija wakose pa kukaa. Mwaka 2012 utafiti uliolinganisha watu wa vijijini Malawi, wa Amazonas ya Venezuela na wa miji ya Marekani, 531 kwa jumla, ulionyesha kwamba pote kundi hili la bakteria linafikia hali ya utu uzima mtoto anapokaribia miaka mitatu. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka hiyo, soma sehemu zinazomhusu mara mbili.

Mtoto anayenyonya

Maziwa ya mama yana sukari za aina ya pekee ambazo mtoto hawezi kuzisaga kabisa. Zinapita tumboni nzima-nzima mpaka kwenye utumbo mpana, na huko kuna bakteria waitwao bifidobakteria wanaozila kwa hamu. Nao wakishiba, wanautia utumbo uchachu ambao vijidudu vya kuharisha haviupendi. Yaani ukimweka mtoto ziwani unawanyonyesha wawili, yeye na walinzi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliona kwamba mama wa Malawi ambao watoto wao walikuwa wamedumaa sana walikuwa na upungufu wa baadhi ya sukari hizo katika maziwa yao. Ndiyo maana chakula cha mama mwenyewe, tangu akiwa na mimba, ni sehemu ya jambo hili. Baba, kama nyumbani kuna yai moja, mpe yeye.

Kabla ya miezi sita mtoto apewe maziwa ya mama tu. Najua nyumba zetu. Bibi amelea watoto wanane na ana maji ya mizizi ya kusafisha tumbo la kichanga, na si rahisi mkwe kumkatalia mama mkwe. Mwambie kwa heshima kwamba tumbo la kichanga halihitaji kusafishwa, linahitaji kukaliwa na bakteria wake wa kwanza, na kila kijiko cha maji ya nje kinawaingiza wengine kabla ya wakati. Kama hakusikii wewe, muombe mhudumu wa afya aje aongee naye. Neno la mtu wa tatu mara nyingi hupokelewa vizuri zaidi.

Uji, unga na kunde

Likuni, kusini-magharibi mwa Lilongwe, imeupa jina lake uji wa lishe ambao nchi hii inaujua: Likuni Phala. Phala kwa Kichewa ni uji. Si lazima ununue mfuko wa dukani. Chukua vikombe vinne vya mahindi na kikombe kimoja cha soya. Soya uikaange kwenye kikaango kikavu mpaka iwe ya kahawia na inukie, ndipo usage pamoja na mahindi. Usiruke kukaanga: soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na mtoto atakula mengi afaidike kidogo. Unga wa nyumbani upikwe kama nusu saa, tofauti na ule wa kiwandani ambao umeshaivishwa. Ongeza kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa. Mahindi na karanga zenye ukungu usimpe mtu yeyote, hata kama ni za bure, hata ukizikausha tena. Sumu ya ukungu haitoki kwa moto.

Kuhusu unga wa nsima, yaani ugali, nina maoni makali. Tunakoboa mahindi, tunayaloweka, tunayaanika, tunapata unga mweupe kama chokaa, halafu madeya, yaani pumba, tunawapa kuku. Katika yale madeya ndimo ilimo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, chakula cha bakteria wako. Mgaiwa, yaani unga usiokobolewa ambao Watanzania wanauita dona, unashibisha zaidi na debe moja linatoa unga mwingi zaidi. Unadharauliwa kwa sababu unaonekana wa kimaskini. Kwa aliye kambini, ambaye msaada wa mwezi unaisha kabla ya mwezi, kuendelea kutupa pumba kwa ajili ya weupe wa ugali ni hasara mara mbili. Kama nyumbani wanakataa, changanya nusu kwa nusu, kisha ongeza taratibu.

Nyuzinyuzi zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha na kutoa asidi laini, na mojawapo, asidi ya butiriki, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoutandika utumbo wenyewe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alishangaa kuona maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza ni adimu huko, akaanza kuandika juu ya nyuzinyuzi. Mwaka 2015 wazo hilo lilipimwa kwa njia ninayoipenda kwa urahisi wake. Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa nyuzinyuzi nyingi, hadi gramu 55 kwa siku, na wale wa Afrika Kusini wakapewa nyama na mafuta. Katika wiki hizo mbili tu, dalili zinazohusishwa na saratani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kupanda kwa wenzao. Bakteria hawangoji mwaka. Wanabadilika na chakula chako cha leo.

Kwa hiyo zungusha mboga. Sombe leo, lengalenga kesho, majani ya maboga, bamia, nandolo, kunde, maharagwe, viazi vitamu pamoja na maganda yake yaliyooshwa vizuri. Kila aina inalisha bakteria wa namna yake, na kula kabichi kila siku ni kuwashibisha wachache na kuwanyima wengine. Kama kunde zinakujaza gesi, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, anza na vijiko viwili vitatu. Baada ya wiki kadhaa tumbo litazoea.

Wanaopika ugali wa muhogo wanajua kuvundika muhogo mchungu siku tatu au zaidi. Hiyo ni kazi ya bakteria pia, wanaoulainisha ili sumu yake ya sianidi itoke. Njaa ikikuharakisha ukaloweka siku moja, unacheza na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu usipone tena. Huko Kahemba, Kongo, ambako konzo imeumiza watoto wengi, utafiti wa mwaka 2021 uliashiria kwamba hata bakteria wa ndani ya utumbo huenda wana mchango katika kiasi cha sumu inayoachiliwa mwilini. Subiri siku zote tatu.

Na thobwa. Wamalawi wanaiuza kwenye chupa kando ya barabara, ndugu yake ni togwa ya Tanzania, na kwangu hakuna kinywaji cha mtoto kinachoishinda baada ya maziwa ya mama. Pika uji mzito wa mahindi, uive vizuri. Uache upoe mpaka kidole kivumilie bila kuungua. Tia konzi ya unga wa kimea, yaani ulezi au mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Utaona uji unalegea mbele ya macho yako, kwa kuwa kimea kinakata wanga. Funika, uache hadi kesho. Asubuhi una kitu chepesi cha kunyweka lakini chenye unga mwingi ndani, na mtoto mwenye tumbo dogo anapata nguvu zaidi kwa kikombe kile kile. Uchachu wake unatokana na bakteria wa asidi ya maziwa, na asidi hiyo inavibana vijidudu vya kuharisha. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1999 uliwapa watoto uji uliochachushwa mara moja kwa siku, na waliokutwa na bakteria wa ugonjwa kwenye vinyesi vyao wakapungua sana. Chombo kiwe safi, maji yawe yamechemka, na anywe aliyetimiza miezi sita. Ikinuka pombe, si ya mtoto tena.

Sasa utauliza kuhusu vidonge vya bakteria wazuri vinavyouzwa kwenye maduka makubwa ya dawa mjini. Jibu langu ni kwamba pesa hiyo nunua soya. Mwaka 2006 na 2007, katika hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, watoto 795 wenye utapiamlo mkali waligawanywa makundi mawili. Wote walipata lishe ya tiba, na kundi moja likaongezewa mchanganyiko wa bakteria hao. Asilimia 53.9 ya walioongezewa walipona, na asilimia 51.3 ya wasioongezewa. Tofauti hiyo haina maana.

Kapsuli tatu za dukani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapojiumiza zaidi. Mtoto ameharisha tangu jana. Foleni ya kituo cha afya ni ndefu, na Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wasiozidi 12,000 na leo ina zaidi ya 50,000. Kibandani kuna antibiotiki, kuna amoksilini, kuna Flagyl, zinauzwa moja moja. Mama ananunua tatu. Kesho mtoto ana nafuu, na jirani anaambiwa dawa ni ile.

Kuharisha kwingi kwa maji kunaletwa na virusi au kunakwisha kwenyewe, kwa hiyo nafuu ile ingekuja bila kapsuli. Kapsuli yenyewe ilipita ikiwaua wenyeji wa utumbo bila kuchagua, ikaacha nafasi wazi. Na bakteria waliosalia wanaweza kuwa wale wagumu, ambao siku ya homa ya kweli hawatasikia dawa hiyo. Wakati mwingine antibiotiki yenyewe ndiyo inayomharisha mtoto, naye mama anarudi kibandani kununua nyingine.

Siandiki haya kukutisha usimeze dawa ya daktari. Malawi yenyewe imetoa ushahidi wa upande wa pili. Watoto 2,767 wa vijijini wenye utapiamlo mkali walishiriki utafiti uliotoka mwaka 2013. Waliopewa lishe ya tiba na dawa bandia walikufa asilimia 7.4, waliopewa amoksilini asilimia 4.8, na waliopewa sefudiniri asilimia 4.1. Antibiotiki iliokoa roho. Miaka mitatu baadaye utafiti wa Niger haukuona faida kubwa hivyo kwa watoto ambao hali zao hazikuwa na matatizo mengine. Ndiyo maana uamuzi unahitaji mtu aliyempima mtoto. Akikupa ya siku saba, imalize siku saba, usimgawie kaka yake.

Kwa watu wazima kuna jambo la vidonda vya tumbo. Wengi wetu tunaambiwa ni mawazo, kwamba vita na safari vimetuchoma ndani. Mawazo yanaongeza maumivu, ni kweli. Lakini Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba mara nyingi anayehusika ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, anayekaa tumboni penyewe, juu ya utumbo, na kuenea ndani ya familia zinazobanana. Anapimwa kwa kinyesi. Uwe umeacha omeprazoli kwa wiki mbili na antibiotiki kwa wiki nne kabla ya kipimo, la sivyo kinaweza kukudanganya. Tiba ni dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida siku 14. Na dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazomezwa hovyo kwa ajili ya mgongo, zinachimba vidonda hivyo hivyo.

Anapoharisha

Maji lita moja yaliyo safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga, onja: yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo baada ya kila choo, robo hadi nusu kikombe kwa aliye chini ya miaka miwili, nusu hadi kikombe kizima kwa mkubwa zaidi. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena kwa kijiko. Yakifika saa 24 yamwage utengeneze mengine. Pakiti za kituo cha afya ni bora kuliko haya ya nyumbani, zichukue ukizipata. Omba pia zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata akiwa ameshapona, maana inasaidia utumbo kujijenga upya. Aendelee kunyonya, aendelee kula. Kumnyima chakula mtoto anayeharisha ni mazoea ya zamani yanayowaua watoto mpaka leo.

Damu kwenye choo, macho yaliyozama, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, usingizi usio wa kawaida, kushindwa kunywa: mojawapo tu inatosha kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Choo cha maji yaliyofanana na yaliyooshea mchele ni kipindupindu mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Mlipuko ulioanza Machi 2022 ulikuwa mbaya kuliko yote katika historia ya Malawi. Wagonjwa walipita 58,000 na waliokufa wakapita 1,700, na ugonjwa huo unaweza kumaliza mtu mzima kwa saa chache. Mnyweshe mgonjwa njiani, usingoje kufika. Kuhusu homa ya matumbo kuna habari njema: chanjo iliyojaribiwa Blantyre kwa watoto zaidi ya 28,000 ilizuia kama asilimia 80 ya ugonjwa, na tangu mwaka 2023 Malawi inaitoa. Angalia kadi ya mtoto wako.

Maji ya bombani au kisimani yatie klorini kama chupa inavyoelekeza, ungoje dakika 30. Kuna kitu kimoja zaidi ambacho mafunzo ya usafi hukipitia haraka. Mtoto anayetambaa anaweka udongo kinywani siku nzima, na udongo wa uani una kinyesi cha kuku. Mikono ya mama inaweza kuwa safi na mtoto bado akala hicho. Vijidudu vya kinyesi hicho, hata pasipo kuharisha, vinaweza kuuchubua utumbo polepole, chakula kikapita bila kufyonzwa, na mtoto akabaki mfupi. Kama huwezi kuwafungia kuku, mfungie mtoto: mkeka wake wa kuchezea, unaofuliwa, ambao viatu na kuku haviukanyagi.

Na bwaki yenyewe. Bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu mpaka tatu, achia. Kituoni watampima na mkono pia, na utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, ataandikiwa chiponde, ile siagi ya karanga ya tiba. Chiponde ni dawa ya huyo mmoja, haigawanywi. Ammalizie zote, hata akinawiri mapema. Katika wale mapacha wa utafiti, bakteria wa mgonjwa waliimarika alipokuwa akila chiponde, kisha baada ya kuacha wakarudi nyuma, kwa hiyo akitoka kwenye tiba aingie kwenye uji wa soya siku hiyo hiyo. Basi ukiachia dole na vishimo vikabaki kwenye miguu yote miwili, nenda leo. Kama ana pacha, mbebe naye, apimwe.